Ofa za Steam: Angalia Bando Kabla ya Kuangalia Asilimia

Kila Steam ikifungua ofa zake kubwa, ile ya katikati ya mwaka na ile ya Desemba, naulizwa swali moja: "Msee, ninunue gani?" Na kila mara naona watu wakifanya kitu kile kile. Wanafungua duka, wanatafuta punguzo kubwa zaidi, wanaona asilimia 85, wanalipa. Wiki mbili baadaye gemu bado inapakuliwa, ama imepakuliwa na laptopu imekataa kuibeba.

Msimamo wangu ni huu: asilimia ya punguzo iwe kitu cha mwisho kuangalia. Kama uko Nairobi, Kisumu ama Nakuru na laptopu ya ex-UK na bando la kuhesabu, kila gemu ina bei tatu. Kuna bei ya dukani, kuna bei ya kuipakua, na kuna mashine ambayo gemu inataka. Duka litakuonyesha ya kwanza kwa rangi ya kijani. Hizo zingine mbili ni juu yako kuzitafuta, na ziko pale pale chini ya ukurasa wa gemu, kwenye orodha ya mahitaji.

Chukua mfano wa Red Dead Redemption 2. Gemu kali sana, sina neno baya juu yake, na bei yake hushuka vibaya kwenye ofa. Lakini inataka nafasi ya GB 150. Kama Wi-Fi yako ni ya Mbps 10, na hakuna mtu mwingine anaigusa, hiyo ni zaidi ya saa 33 za kupakua. Sasa weka majirani watatu mnaogawana hiyo Wi-Fi kwenye ploti, weka stima kupotea mara mbili. Na kama unatumia bando za simu, piga hesabu kwanza, kwa sababu bando linaweza kula pesa nyingi kuliko gemu yenyewe.

Mimi hutumia laptopu isiyo na kadi ya grafiki, RAM ya GB 8, na kila ofa najiwekea shilingi 2,000, sipiti hapo. Duka la Steam huuza kwa dola hapa Kenya, kwa hivyo mimi huzidisha kila dola kwa 130 ndiyo nijue ukweli. Kulipa si shida siku hizi, unatengeneza kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay kwenye simu na umemaliza. Lakini urahisi huo ndio unafanya watu wanunue gemu tano saa sita usiku. Tafadhali, usiguse Fuliza kwa sababu ya gemu.

Haya, hizi ndizo ningenunua.

Ya kwanza ni Stardew Valley. Eric Barone aliitengeneza peke yake kwa zaidi ya miaka minne, michoro, muziki na kila kitu, akaitoa mwaka 2016. Unarithi shamba la babu, unalima, unavua samaki, unajuana na watu wa kijiji. Bei ya kawaida ni dola 14.99, karibu shilingi 1,950, na hushuka wakati wa ofa. Inataka nafasi ya MB 500 tu. Hata ukiwa na bando la siku moja utaipakua, na ukishaipakua haikuombi intaneti tena kucheza peke yako.

Tangu 2020 watu wawili wanaweza kugawana skrini moja. Mimi na dadangu mdogo tuna shamba letu, mmoja kwa kibodi na mwingine kwa kontrola. Yeye ndiye mwenye kuku na mimea, mimi hutumwa mgodini kuleta mawe. Mathe alipita siku moja akatuangalia, akasema, "Nyinyi mnalima usiku wote na hapo nje hata sukuma hakuna?" Dadangu akamjibu, "Mum, huku mvua hainyimi." Ule mwaka alikuwa amemaliza Form Four na anangoja kujua kama atapata kozi aliyotaka. Hiyo gemu ilitupa kitu cha kufanya pamoja kila jioni bila mtu kuulizwa amefikia wapi na maisha. Hakuna asilimia ya punguzo inayoweza kukuonyesha hiyo.

Ya pili ni Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013. Bei ya kawaida ni dola 9.99, karibu shilingi 1,300, na inataka MB 100 pekee. Wewe ni karani wa mpakani kwenye nchi ya kubuni inayoitwa Arstotzka. Watu wanapanga foleni, unakagua pasipoti, vibali, mihuri, tarehe, halafu unapiga muhuri wa kukubali ama kukataa. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowashughulikia sawasawa. Jioni unapewa hesabu: kodi, chakula, joto la nyumba, dawa. Ukifanya kazi polepole, mtoto wako analala njaa. Halafu anakuja mwanamke ambaye karatasi moja imekosekana, na mumewe ameshapita mbele yake.

Kama umewahi kuambiwa "rudi kesho na nakala nyingine" ukitafuta kitambulisho, hii gemu itakugeuza ukae upande ule mwingine wa dirisha. Kuna hongo inakuja, na gemu haikuhubirii. Inakuacha tu na hesabu ya nyumbani na mkono wako juu ya muhuri. Ni fupi, saa chache unafika mwisho mmoja, lakini miisho iko 20. Sijui gemu nyingine ya MB 100 yenye uzito kama huo.

Ya tatu ni Balatro, iliyotoka Februari 2024. Dola 14.99, MB 150. Mtengenezaji wake anajulikana kwa jina la LocalThunk pekee. Unacheza mikono ya poka kupata pointi, lakini unaongeza majoka yanayovunja sheria hadi pointi zinafika mamilioni. Najua mtu ataniambia ni kamari. Hata PEGI, wanaopanga umri wa gemu kule Ulaya, waliipa 18, halafu Februari 2025 wakaishusha hadi 12 baada ya rufaa. Hakuna mahali unaweka pesa. Unalipa mara moja na haitakuomba shilingi nyingine maisha yako yote. Kwenye nchi ambapo kila matatu ina kijana ameinamia odds, mimi naona hiyo ni tofauti kubwa. Ile raha ya kungoja karata igeuke unaipata, na nauli ya kesho inabaki mfukoni.

Ya nne ni Vampire Survivors, dola 4.99, karibu shilingi 650 kabla ya punguzo. Unatembea tu, silaha zinajirusha zenyewe, na maadui wanajaa skrini mpaka hujioni. Raundi kamili ni dakika 30. Mwaka 2023 ilishinda tuzo ya BAFTA ya gemu bora, mbele ya gemu zenye bajeti za ajabu. Kwenye simu ni ya bure, kwa hivyo ijaribu huko kwanza. Ikikushika, ndiyo ulipe ya kompyuta.

Ya tano ni Hollow Knight kutoka Team Cherry, timu ndogo ya Australia. Ilitoka 2017, dola 14.99, GB 9. Hii ni ya wale walio na Wi-Fi ya nyumbani na roho ngumu. Utakufa sana. Lakini ukitaka saa nyingi kwa kila shilingi, ramani yake haiishi haraka. Silksong, iliyoifuata Septemba 2025, iko poa, ila anza na hii, ni laini kidogo.

Ya sita, kama uko na beste ama ndugu wa kukaa naye, ni Portal 2. Ni ya 2011, GB 8, bei ya kawaida dola 9.99, na Valve wenyewe, ambao ndio wenye Steam, huishusha mara nyingi hadi bei ya smocha chache. Kuna hadithi nzima ya watu wawili, mafumbo ya milango ambayo mmoja hawezi kuyatatua bila mwingine. Mtagombana, halafu mtacheka.

Na mpira? Najua mmekuwa mkingoja nifike hapo. Gemu mpya ya EA huja kila Septemba, na baada ya mwaka mmoja wachezaji wote wamehama. Mwaka 2023 EA walipoacha jina la FIFA, zile za zamani zilitolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Kama unacheza wikendi tu na wasee wa mtaa, lipa kwa raundi pale kwa PS ya mtaani. Inakuja bei nafuu, na kelele ni sehemu ya mchezo.

Kuna wenye watasema, "Si kuna jamaa anakujazia flash yote na mia moja?" Yupo, na simhukumu mtu ambaye hana. Lakini mtu aliyenunua Stardew mwaka 2016 alipata toleo la 1.6 mwaka 2024, na mambo mapya kibao, bila kuongeza hata ndururu. Laptopu ikiibiwa, gemu zako ziko kwenye akaunti na utazipakua tena. Flash ikiibiwa, imeenda. Na kwa gemu kama hizi, mara nyingi unayemnyima ni mtu mmoja aliyekaa chumbani miaka minne.

Mambo matatu kabla ya kulipa. Usikimbizwe: kwenye ofa hizi kubwa, bei ya siku ya kwanza kwa kawaida ndiyo bei ya siku ya mwisho, kwa hivyo lala juu yake. Angalia SteamDB ama IsThereAnyDeal uone kama gemu imewahi kushuka zaidi ya hapo. Na ukinunua, ifungue siku hiyo hiyo, kwa sababu Steam hukurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na kama hujacheza zaidi ya saa 2. Hizo saa mbili zitumie kuona kama mashine yako inaiweza. Ikigandaganda, rudisha bila aibu.

Kama bajeti yako ni sifuri, fungua akaunti ya Epic Games. Kila Alhamisi huwa na angalau gemu moja ya bure, na ukishaichukua ni yako kwenye akaunti hata kama hauna mashine ya kuibeba leo.

Shilingi 2,000 zangu za mara hii? Papers, Please nishamaliza, Stardew tunayo. Nimeweka Balatro kwenye kikapu, na nikibakisha kitu, nitatafuta kitu kingine cha kucheza na dadangu akifunga shule. Nyinyi mmeweka nini, na ina GB ngapi?