Ndera na Maji ya Tana

Ndera ni nchi ya Wapokomo wa juu, kandokando ya mto Tana, kaskazini ya Garsen. Katika karne ya 19 mkulima wa huko hakuitegemea sana mvua ya kijijini kwake, maana ni haba, aliutazama mto. Maji yaliyonyesha mbali, katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, ndiyo yaliyomletea chakula, nayo yalifurika mara mbili kwa mwaka.

Ukingo wa Tana umeinuka kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Juu ya ukingo ilipandwa migomba. Nyuma, bondeni, ulipandwa mpunga upate kunywa mafuriko, na maji yalipopungua, mahindi yakafuata katika tope jipya. Kwa sababu hiyo shamba la ukoo halikuufuata mto, bali lilikuwa ukanda uliotoka ukingoni ukaingia ndani, ili kila nyumba ipate nchi ya juu na ya chini. Ulikuwa ugawaji wa busara sana.

Mto ulipohama, nao ulihama mara nyingi, vijiji vilihama pia, na mkondo wa zamani ukabaki ziwa la kuvulia samaki. Mtumbwi wa gogo moja ulihitajiwa kama jembe, kwa kuwa mtu aliweza kulala ng'ambo moja na kulima ya pili. Tena ulikuwa kinga: wavamizi walipotokea nyikani, mto wenyewe uliwazuia.

Lakini nyika haikuleta vita tu. Kiangazi kilipokaza, Waorma walishuka kunywesha ng'ombe, wakipita kati ya mashamba kwa njia ziitwazo malka. Nafaka na maziwa vikabadilishwa. Ardhi na mto vilisimamiwa na wazee wa gasa, ndilo baraza la Wapokomo.

Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, pamoja na mengine yaliyojengwa huko juu, limepunguza mafuriko hayo. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma kwenye delta, chini ya Ndera, na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwamo. Mto usipopanda bondeni, mpunga hukauka, na mkulima hulisogeza jembe lake karibu na maji, kule kule ng'ombe wanakopita.