Kijiko cha Akiba

Mafuta ya haidroliki yakilipuka hayapigi kelele kali kama petroli. Mimi niliyasikia mara moja tu, Tanga, nikiwa saidia fundi: mlio mzito, kama mzee anayekohoa ndani ya pipa, kisha kifuniko cha tenki la greda kikapita juu ya vichwa vyetu na kwenda kuangukia bati la jirani. Fundi wangu alipona. Alibaki bila nyusi, na ngozi ya mkono wa kulia ikamenyeka hadi kwenye kiwiko. Asubuhi ile, nilipomuuliza kama tulioshe tenki kwanza kabla ya kulichomelea, alikuwa amenijibu kwa upole kabisa: "Hii si petroli, mwanangu. Oili hii haiwaki."

Nusu ya maneno yale ilikuwa kweli. Mimina mafuta ya haidroliki kwenye sahani, tupia njiti ya kiberiti, njiti itazima. Mafuta ya kawaida ya mashine hizi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la nyuzi 200 na zaidi. Lakini chuma unachokichomelea kinayeyuka kwenye nyuzi kama 1,500. Ule utando wa mafuta uliobaki upande wa ndani, nyuma ya fimbo yako ya kuchomelea, unageuka moshi mzito papo hapo. Moshi unachanganyika na hewa iliyojaa kwenye tenki tupu, na cheche inasubiri mlangoni. Tenki lililomwagwa mafuta bila kuoshwa ndilo la kuogopa kuliko lililojaa. Fundi wangu alijua kazi yake kwa miaka 20. Hilo hakuwa ameambiwa na mtu.

Siku hizi nafanya kazi England, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa karibu na Buxton, mji mdogo wa Derbyshire. Nimetoka kwenye chokaa nikaja kwenye chokaa. Tanga tuna mapango ya Amboni, Buxton nao wana pango lao, Poole's Cavern, na vumbi la kazini ni lilelile jeupe la kunata kwenye nywele. Mashine pia ni zilezile. Kwa hiyo nilipofika nilidhani nimeshamaliza kujifunza.

Wiki za mwanzo, kijiko kimoja, yaani mashine ya kuchimbia, cha tani 20 kilianza kudondosha mafuta chini ya tenki. Nikaenda kuvuta mashine ya kuchomelea. Msimamizi wetu, mzee wa Kiingereza asiyependa maneno mengi, akaniuliza: "Umejuaje kama ni tenki?" Nikamwonyesha tone. Akasema tone linaonyesha mafuta yalipoishia, halionyeshi yalipoanzia. Tukakiosha kijiko kwa maji ya moto, tukakikausha, tukanyunyiza unga mweupe kuzunguka tenki, tukawasha injini. Dakika kumi baadaye mstari mweusi ulikuwa unashuka kutoka kwenye klipu ya hozipaipu ya juu, unapita nyuma ya bati, unajikusanya chini ya tenki. Klipu ikakazwa. Kazi ikaisha, moto haukuwashwa. Usiku ule nililala nikihesabu matenki tuliyoyapiga viraka nyumbani, nikijiuliza mangapi hayakuwa na kosa lolote.

Kosa jingine nililokuja nalo lilikuwa la mkono. Nyumbani ukitafuta panapovuja unapapasa hozi kwa vidole, tena injini ikiwa inanguruma. Pampu ya kijiko cha ukubwa ule inaweza kusukuma mafuta kwa bar 350, wakati tairi la gari dogo lina bar mbili na kitu. Kwenye tundu la ukubwa wa sindano, mafuta hayo yanapenya glovu na ngozi na kuingia kwenye nyama. Kidonda chake kinafanana na mchomo wa mwiba, hakiumi sana mwanzoni, na mtu anarudi kazini. Lakini mwenye kidonda hicho anatakiwa kufika kwa daktari wa upasuaji siku ileile, la sivyo anaweza kupoteza kidole au mkono mzima. Tumia kipande cha boksi. Kipitishe pale unapotilia shaka, kisha kisome hicho kipande. Hili halihitaji pesa ya mtu yeyote, ndiyo maana naliandika kwa hasira kidogo.

Miezi kadhaa baadaye lilikuja tenki lililopasuka kweli, kwenye kona ya chini linapofungwa bolti. Bolti zilikuwa zimelegea, mtikisiko ukafanya yaliyobaki. Hapo ndipo nilipoiona karatasi yao, kibali cha kazi ya moto. Kwanza ndoo ikashushwa mpaka ardhini, injini ikazimwa, levya zikachezwa ili presha iliyonaswa kwenye mabomba itoke, umeme wa betri ukakatwa na swichi yake ikafungwa kufuli. Ufunguo nikawekewa mimi mfukoni. Vali ya hewa juu ya tenki ikabonyezwa kabla ya kugusa kifuniko, maana hata tenki lenyewe huhifadhi presha kidogo. Mafuta yakatolewa, lita mia na kitu. Tenki likashushwa kutoka kwenye mashine, jambo ambalo Tanga tulikuwa hatulifanyi ng'o, kwa sababu kulishusha ni nusu siku. Likaoshwa kwa mvuke na sabuni mpaka maji yakatoka meupe, likapimwa kwa kifaa cha kunusa gesi, likajazwa naitrojeni kufukuza hewa. Nikatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, nikauchonga kwa grenda, nikachomelea. Nilipomaliza, karatasi ikanitaka nikae palepale saa nzima na mtungi wa kuzimia moto, nikiangalia tu. Saa nzima, nalipwa, nakunywa chai.

Kulijaribu tenki nako kuna mtego. Kwetu tulikuwa tunaunga mpira wa kompresa tunasikiliza. Fanya hesabu ya ubavu wa tenki wenye sentimita 60 kwa 60: upepo wa bar 0.2 tu unausukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo kama 700. Upepo wa kompresa ya bar 8, ukiingia wote, ni karibu tani 29. Hilo nalo ni bomu. Pale Buxton tulitumia hiyo 0.2, yenye kidhibiti, na povu la sabuni.

Msidhani Waingereza ni malaika. Nimeona kibali kikisainiwa kupitia dirisha la gari, aliyesaini hajashuka hata kuliona hilo tenki. Nimemkuta kijana wa pale akitaka kusafisha ufa kwa dawa ya kupulizia ya breki kabla ya kuchomelea; dawa hizo zikiwa za aina yenye klorini, ukali wa mwali unaweza kuzigeuza fosijeni, gesi ileile iliyoua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Tena mara nyingi hawatengenezi kabisa: tenki linatupwa, linaagizwa jipya, na ufundi wa kuziba ufa unapotea taratibu miongoni mwao.

Na msidhani nyumbani hawajui. Ngamiani, kulekule Tanga, kuna mzee mmoja ambaye haogopi tenki lolote, hata la petroli. Analigeuza ufa ukae juu, analijaza maji mpaka kibakie kidole kimoja chini ya ufa, anaacha tundu moja wazi mvuke upumue, ndipo anachomelea. Maji yanachukua nafasi ya hewa. Hapana hewa, hapana mlipuko. Kile kidole kimoja ni kwa sababu maji yakigusa chuma moja kwa moja, weldi inapoa ghafla na kupasuka. Hana karatasi hata moja, na nimemwelewa vizuri zaidi baada ya kukaa na wenye karatasi. Ninaowaogopa ni wale wanaosuuza tenki kwa petroli "ili liwe safi", na wale wanaoingiza moshi wa ekzosi ya lori wakiamini unafukuza hewa. Moshi wa dizeli injini ikiwa haina mzigo bado una oksijeni tele. Ni kama kufukuza nzi kwa sahani ya wali.

Sheria zipo kote. Uingereza wana yao ya 1974, Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na wakala wa OSHA wa kuisimamia. Kwa muda mrefu niliamini tofauti ni vifaa, halafu nikaamini ni elimu. Desemba iliyopita, likizoni Tanga, nilikaa kwenye gereji yetu nikaona nilichokuwa sikioni nilipokuwa mvulana. Tajiri wa greda alikuwa amesimama juu ya kichwa cha fundi, simu sikioni, akimwambia mkandarasi kwamba mashine inarudi saiti saa nane. Fundi analipwa kwa kiraka. Akisema "leo hatuchomelei," tajiri anavuka barabara kwa fundi mwingine. Mimi nikisema hivyo Buxton, msimamizi anapiga simu kwa kampuni ya kukodisha, na kesho asubuhi kijiko kingine kinashushwa kwenye lori.

Hata hivyo nilirudi nimemwandikia mdogo wangu, ambaye sasa ndiye fundi pale, hatua zote kwenye ukurasa mmoja: osha kwanza, tafuta kwa boksi, shusha tenki, jaza maji, usiguse petroli, kaa saa moja. Aliubandika ukutani. Wiki mbili baadaye akanitumia sauti, nyuma yake grenda inalia.

"Kaka, shikamoo. Tajiri ameisoma karatasi yako yote, ameipenda. Maji tunajaza, boksi tunatumia. Ila ile ya kushusha tenki na kukaa saa moja, anasema ukija mwakani uje na kijiko cha akiba."