Usicheke, paka wangu kalipiwa nauli!

Kama umewahi kukaa mwambao wa Tanganyika utakubaliana nami kwamba biashara ya dagaa ina bosi mmoja tu, naye hana ofisi wala simu. Ni mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, dagaa wanafuata mwanga, wavu unainuliwa, na asubuhi mchanga wa mwaloni unang'aa kama umemwagiwa shilingi. Mwezi ukipevuka, taa inakosa kazi. Mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, na mnunuzi aliyetoka Dar na pesa zake kiunoni anakaa chini ya mwembe akihesabu siku.

Mnunuzi mwenyewe ni mimi. Mahali penyewe ni Ilagala, kule mto Malagarasi unakoingilia ziwani, na nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu ambaye ameanika dagaa tangu sijazaliwa. Nilifika mbalamwezi ndiyo kwanza imeanza. Siku nane za kukaa bure! Ugali wa muhogo, samaki wa mawese, kulala. Raha, sikatai, lakini mtaji haukui kwa kulala.

Sasa mwalo usipokuwa na dagaa unabaki mali ya paka. Siku za giza huwaoni, maana wanashiba usiku na kulala mchana. Siku za mwezi wanatokeza wote, mbavu nje, wanazunguka vichanja vitupu kama watu waliofukuzwa kazi. Wazee wa kijiweni walinikumbusha mwaka 2024, serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Wanasema miezi ile mitatu paka wa mwaloni walihamia majikoni, na sufuria isiyo na mfuniko ilikuwa imejitakia yenyewe.

Katika kundi hilo mmoja alinitia mashaka. Jike la mistari, dogo, shingo kalipinda upande. Mate yanamtoka. Anasogelea chakula, ananusa, anarudi nyuma. Ukimkaribia hatua kumi tu, huyo, kapotea. Nilipomtazama vizuri kwa darubini ya mvuvi mmoja nikaona kitu kinameta shingoni: uzi wa nailoni, ule wa nyavu. Nadhani alipenyeza kichwa kwenye kipande cha wavu kibovu akakata na kuondoka nacho. Kila akivuta, unabana. Ulikuwa umeshaingia ndani ya nyama.

Kijiweni hukumu ilikuwa imeshatoka. "Huyo ana kichaa. Mate hayo huyaoni?" Na adhabu ilikuwa imeshapangwa: kabla giza halijarudi na dagaa kuanza kuanikwa, atatengewa sumu. Tena waliongea bila hasira, kama watu wanaopanga kufagia.

Mimi si mtu wa paka, mnielewe. Sijawahi kufuga. Lakini jambo hili lilinikaa vibaya kwa sababu mbili. Kwanza, unatega sumu mchangani, mahali ambapo siku tano zijazo utaanika chakula cha watu wa Dar, Mwanza na Lubumbashi? Pili, kama kweli ana kichaa, paka aliyekula sumu kidogo akakimbilia kichakani akiwa hajafa ni hatari kuliko aliyenaswa akafungiwa. Anayeamini kwamba mnyama ana kichaa ndiye angekuwa wa kwanza kutaka mtego, maana mtego unamkamata bila mkono wa mtu kumgusa. Na kichaa si mchezo, kinaua. Paka naye anakibeba, jina la "kichaa cha mbwa" lisikudanganye. Ukiumwa au kuparuliwa na mnyama usiyemwelewa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, halafu hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usisubiri uone dalili. Dalili zikishaanza hakuna tena daktari wa kukusaidia.

Shangazi alinisikiliza akitwanga. Akasema, "Mwanangu, mimi stoo yangu haina panya kwa ajili ya hao hao paka. Wanaume wa kijiweni hawana stoo." Halafu akakumbushia habari ya yule sahaba Abu Huraira, ambaye jina lake maana yake ni baba wa kipaka, akamaliza kwa kusema nikitaka kumkamata nimkamate, ila nyavu zake nisiguse.

Kumkamata vipi? Kule mbele kwa wenzetu kuna maboksi ya waya, paka akikanyaga kibao ndani, mlango unafunga nyuma yake. Ilagala boksi hilo nililipate wapi? Aliyenitoa gizani ni kijana wa shangazi, miaka kumi na mmoja, bingwa wa kunasa tetere. Mtego wake unaufahamu, kila mtoto wa kijijini kaucheza: tenga limeinamishwa, upande mmoja umeegemezwa kijiti, kijiti kimefungwa kamba ndefu, chini yake punje za mtama. Ndege akiingia, vuta. "Paka si tetere mkubwa tu, anko?" akaniuliza. Nikakosa jibu.

Tukachukua tenga la kuku, lile pana lenye matundu, hewa inapita. Juu tukafunga jiwe la kilo kama nne, kwa sababu paka akishtuka anaruka juu kwa nguvu zote na tenga jepesi analibinua. Pembeni mwa tenga tukazungushia nguo kuukuu ili likianguka lisimwumize mkia. Na hapo ndipo wengi wangevuta kamba usiku wa kwanza. Sisi hatukuvuta. Usiku wa kwanza chakula kiliwekwa hatua tano kutoka tengani, usiku wa pili hatua mbili, wa tatu ukingoni. Tenga limeinama pale pale, halisogezwi, halina habari naye. Paka wa mwaloni kaishi kwa kutoamini mtu. Ukimharakisha mara moja hutamwona tena wiki nzima, na mimi wiki sikuwa nayo.

Mwezi, bosi wangu aliyeninyima dagaa, hapa ndipo aliponilipa. Kwanza njaa: usiku wa giza mwalo umejaa dagaa wabichi, paka gani ataingia chini ya tenga? Pili mwanga: saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunaona mpaka ndevu zake bila kuwasha tochi.

Chakula nacho kilikuwa na mambo. Koo linambana, dagaa mkavu hapiti. Shangazi akachemsha dagaa mpaka wakalainika kama uji, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa paka hata kikiwa kwenye mchuzi. Jirani mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alileta panadol tuisagie ndani, "apunguze maumivu, maskini". Tulimshukuru na kumrudishia. Hii wekeni kichwani, nyie mnaofuga paka mijini: panadol inamwua paka. Mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu, damu yake inaharibika na kushindwa kubeba hewa. Kidonge kimoja kinatosha kumzika.

Usiku wa tatu, alipokuwa anakula ukingoni, kijana akaninong'oneza: "Anko, ana maziwa." Na kweli, tumbo lilikuwa linaning'inia, chuchu zimevimba, manyoya yamenyonywa pembeni. Ana watoto mahali! Ungemkamata ukampeleka mjini ukakaa naye siku mbili, watoto wangekufa na usingejua umeua. Asubuhi kijana akazunguka kimya kimya mpaka akawapata, watatu, macho yamefunguka, chini ya mtumbwi mkongwe uliotoboka. Hatukuwagusa. Tulipiga hesabu tu: akinaswa alfajiri lazima jioni awe amerudi.

Usiku wa nne akaingia. Kichwa, mabega, kiuno. Mimi nimeshika kamba nyuma ya mtumbwi, moyo unadunda utadhani navuta nyumba. Nikamsubiri mpaka mkia wote umeingia na anakula kwa utulivu. Nikavuta.

We! Usiombe. Tenga lilicheza kama lina jini. Kijana akarusha blanketi juu, akafunika mpaka chini, na baada ya dakika moja, kimya. Paka akiwa gizani anatulia, anadhani amejificha. Nikavaa glavu nene za fundi, nikasukuma ubao mwembamba taratibu chini ya tenga, tukafunga kamba nne. Hakuna mkono uliomgusa, hakuna ukucha uliovunjika.

Safari ya mjini sasa. Gari la abiria la alfajiri, konda anataka tenga likae juu ya keria. Nikakataa. "Ni kuku?" Nikamwambia ni paka, mgonjwa. Gari zima kimya. Si mnaelewa sifa ambazo watu wa Kigoma tumepewa bila kuziomba? Mtu na paka wa alfajiri, kafunikwa blanketi, anampeleka mjini! Mama mmoja alihama siti. Mzee aliyekaa nyuma yangu alianza kusoma dua, na nasikia aliendelea mpaka tulipofika. Kijana mmoja wa makamo akasema kwa sauti, "Watu hawana hela ya dawa, mwingine anampeleka paka hospitali." Huyo sikumcheka. Alikuwa na bahasha ya kliniki mapajani. Nilimwambia pesa niliyoshika ilikuwa ya chai na soda za siku nane za kukaa bure, na kwamba stoo ya shangazi ikivamiwa na panya hasara ya gunia moja inazidi gharama ya safari yote. Akaniuliza, "Na kama asingekuwa na faida?" Nilikaa kimya, kwa kweli. Konda akanichaji nauli ya mtu mzima.

Daktari wa mifugo, swali lake la kwanza halikuwa paka ana nini. Ni hili: "Nani kamgusa? Kuna aliyeumwa?" Nikasema hakuna. Ndipo akafungua kona ya blanketi, akaangalia mate, akaangalia shingo, akasema kichaa hakipimwi kijiweni. Paka mwenye uzi kooni anashindwa kumeza mate yake, lazima yamwagike. Akamdunga ya usingizi kupitia matundu ya tenga. Uzi ulitoka kwa mkasi mdogo na kibano, kipande kwa kipande, mizunguko mitatu. Kidonda kikaoshwa, akapigwa sindano ya dawa inayokaa mwilini siku kadhaa, kwa kuwa nani atamkamata kila asubuhi ampe kidonge? Na chanjo ya kichaa juu yake. Shilingi elfu ishirini na tano, na risiti imeandikwa "Paka wa Ilagala". Ninayo.

Nilimwomba amfunge kizazi hapohapo. Akasema angoje kwanza watoto waachishwe na kidonda kipone, halafu nimrudishe bila kuchelewa, kwani paka anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Paka aliyefungwa kizazi hukatwa kincha cha sikio, ili mtu akimwona kwa mbali asihangaike kumnasa tena. Pia akanikumbusha kwamba nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kwamba paka asiye na mwenyewe naye ni mnyama.

Saa kumi na moja jioni tulikuwa Ilagala. Tulingoja mpaka akasimama bila kuyumba, tukalipeleka tenga karibu na ule mtumbwi mkongwe, tukafungua upande mmoja. Alitoka kama mshale, hata asante hakuna. Kijana akaenda kuchungulia usiku: watatu wote wananyonya, mama kalala na shingo imenyooka.

Kijiweni walinipokea kwa kejeli siku mbili. Siku ya tatu giza likarudi, dagaa wakajaa, kila mtu akawa na kazi yake. Nilinunua magunia yangu, nikarudi Dar.

Ila kazi haijaisha. Watoto sasa wanakula wenyewe, na mama yao, mliofuga mnajua, tenga la kuku hataki hata kuliona. Akilikuta mahali anapita mbali. Paka akinaswa mara moja na mtego fulani, mtego huo umekufa kwake. Nimemtumia fundi wa kuchomelea wa Kigoma mjini mchoro wa boksi la nondo na wavu wa kuku, amelitengeneza, limeshafika Ilagala. Mlango umefungwa kwa waya ubaki wazi, chakula kinawekwa ndani kila jioni, kila siku kinasogezwa kidogo kuelekea kwenye kibao. Mbalamwezi imeanza juzi. Jana usiku kijana kanitumia meseji kwa simu ya shangazi: "Anko kaingia kichwa na mabega, kala, katoka. Nitoe waya?"

Nimemjibu bado.