Ami, Simu Yangu na Barabara ya Kusini

Ami yangu alipostaafu kazi Muscat alirudi Mombasa na masanduku ya nguo, mabuli mawili ya kahawa na chombo cha GPS cha kubandika kwenye kioo cha gari. Chombo hicho kilikuwa kimemzungusha Oman nzima, Nizwa, Sur hadi Salalah, na alikitunza ndani ya soksi ya sufu. Duka moja mjini likamwekea ramani ya Afrika Mashariki. Basi niliposema nataka kuendesha gari mwenyewe hadi Shimoni, Ami akatangaza kuwa atafuatana nami, na chombo chake pia. Njia hiyo nilikuwa nimeipita tangu utotoni, lakini siku zote nikiwa abiria wa matatu, na abiria huijua njia kwa majina ya stegi tu.

Tuliondoka Changamwe asubuhi kwa Probox ya kuazima. Simu yangu ilikaa kwenye kishikio karibu na feni ya dashibodi, chombo cha Ami kikang'ang'ania kioo cha mbele kwa kikombe chake cha mpira. Gari lilikuwa na tundu moja tu la chaji, lile la kuwashia sigara, na ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya tundu hilo. Ami alishinda kwa umri. Betri ya chombo chake ilikuwa imechoka, isingemaliza saa moja bila waya, ilhali simu yangu ilikuwa imejaa.

Kwa mtu wa Mombasa, kwenda kusini kulikuwa na maana moja: feri ya Likoni, foleni ya magari chini ya jua, na mto wa watu wanaoteremka na mizigo yao. Siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani. Inaanzia Miritini, inaruka mikoko kwa daraja la Mwache la mita 660, kisha daraja la Mteza la mita 1,440, na kuibukia Kibundani kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga. Simu ilitutia njia hiyo bila kusita. Chombo cha Ami kikagoma. Sauti yake, mwanamume wa Kiarabu mwenye adabu nyingi, ilitusihi tugeuke, tugeuke tena, turudi Likoni tukapande feri. Tulipofika katikati ya daraja la Mteza, kigari chetu kwenye kioo chake kilikuwa juu ya rangi ya buluu tupu.

"Huyu anasema tumezama," Ami akasema.

Nilicheka, lakini nikamtetea mzee wa soksi. Nililinganisha namba za latitudo na longitudo kwenye vioo vyote viwili, na zilikubaliana. Chombo kilijua hasa tulipo. Kisichokijua ni kwamba binadamu wamejenga daraja hapo. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku. Setlaiti za GPS, ambazo ni mali ya Marekani, huzunguka kilomita 20,200 hivi juu yetu na kazi yao ni kutangaza saa na mahali zilipo. Kipokezi kikizisikia nne, hupiga hesabu na kujua kiko wapi. Simu na chombo husikiliza tangazo hilo hilo, na nyingi ya simu za sasa husikiliza pia setlaiti za Urusi, Ulaya na Uchina. Setlaiti haikwambii lolote kuhusu lami. Lami iko kwenye ramani, na ramani ina umri. Ya simu yangu ilikuwa ya wiki ile. Ya Ami ilikuwa ya enzi za feri.

Hata mbinguni kwenyewe hakukuwa wazi sikuzote. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiharibu kwa makusudi usahihi wa huduma ya raia, ukaweza kupotoshwa kiasi cha mita 100. Kwa mita 100 pale Diani ungeambiwa umefika hotelini kwako na kumbe umesimama kwenye bwawa la kuogelea la jirani. Na sisi watu wa pwani si wageni wa setlaiti: Ngomeni, kule upande wa Malindi, Waitaliano walirusha setlaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la baharini tarehe 12 Desemba 1970. Ami aliikumbuka siku hiyo. Anadai aliuona moshi, ila yeye alikuwa Mombasa, kwa hiyo nimeliacha hilo kama alivyolisema.

Kombani tulinunua madafu, tukakata kulia kupanda Kwale. Barabara inajikunja, hewa inapoa, na ukitazama nyuma unaiona bahari yote imelala chini. Tulitaka kupita mbuga ya Shimba Hills kuwaona palahala, kwani nchini Kenya hakuna kwingine wanakoishi porini. Ndani ya msitu mtandao wa simu ulikatika. Ami alikaa wima. Alikuwa ameingoja saa hii tangu Miritini.

Doa la buluu kwenye simu yangu liliendelea kutembea.

"Bando unalo?"

"GPS haili bando, Ami. Ramani ndiyo inayokula, na niliipakua jana usiku nyumbani."

Hakuamini mpaka nilipozima data kabisa mbele ya macho yake. Nimekutana na madereva wengi wa mjini wanaoamini alivyoamini yeye, kwamba bila intaneti simu haijui ilipo. Mtandao huisaidia simu kuanza haraka tu. Kila setlaiti hutuma taarifa za njia yake polepole, kwa mzunguko wa sekunde 30, na simu yenye mtandao huzipata taarifa hizo kwa mkato. Ukiiwasha porini bila mtandao, itakubidi usubiri kidogo mahali peupe. Chombo cha Ami huanza hivyo siku zote, na ndiyo maana mwenyewe amezoea kukiwasha kabla hajanywa chai.

Lakini haki yake apewe. Ndani ya mbuga, programu niliyokuwa nikiitumia ilinionyesha barabara kuu na kijani kibichi, basi. Chombo kilikuwa na vinjia vya udongo, njia panda na lango la kutokea. Ramani nyingi za vyombo hivi barani Afrika zilikuzwa na wasafiri wa magari ya porini. Tracks4Africa ya Afrika Kusini, kwa mfano, ilijengwa kutokana na nyayo za GPS walizorekodi wasafiri wenyewe, na watu hao hupenda njia ambazo lori la soda halipiti. Nilifungua programu ya pili, inayotumia OpenStreetMap, ramani ya watu wa kujitolea iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ile ile ambayo vijana wa Kibera waliitumia mwaka 2009 kuuchora mtaa wao uliokuwa mweupe kwenye ramani za wengine. Humo vinjia vilikuwemo. Tukawa sawa. Palahala tulimwona mmoja, dume jeusi, pembe zimerudi nyuma kama majambia, akatutazama bila kuvutiwa na mashine yoyote kati ya zetu.

Tuliporudi chini, jua la saa saba likaingilia kati. Simu iliyo nyuma ya kioo cha gari, inachajiwa (sasa nilikuwa nimelipata tundu), huku kioo kinawaka muda wote, huchemka. Ya kwangu ilififia karibu na Tiwi na kuzima kabisa baada ya Ukunda. Na kabla ya kuzima ilikuwa imetuangusha kwa njia nyingine: Shangazi wa Msambweni alipiga simu ya video kuuliza tule wali wa nazi au pilau, sura yake ikajaa pale palipokuwa na ramani, nami nikaipita njia ya Diani. Chombo cha Ami hakipigiwi na mtu. Kimezaliwa kukaa juani, hakijui wali wala pilau, na kilitugeuza vizuri kabisa.

Diani kwenyewe vyote viwili vilipwaya. Kati ya barabara ya hoteli na ufuo kuna vichochoro vya matumbawe na kuta, vingine vimefungwa kwa lango, vingine huishia kwenye mkahawa wa mtu. Mshale uliotuongoza ulitaka tupite ukutani. Kijana wa bodaboda akatuambia, "Hiyo ilikuwa njia, mwenyewe kajenga," akatutangulia hadi ufuoni na hakukubali kulipwa. Matuta ya barabarani nayo, kuanzia Mwabungu hadi Gazi, mengine bila rangi wala kibao, hakuna kifaa kati ya vyetu kilichoyataja hata mara moja. Hayo tuliyajua kwa viuno.

Msambweni tulikula pilau. Shangazi alikuwa ametuma alama ya mahali kwa WhatsApp, nayo ilianguka sawasawa mlangoni kwake. Kwa hilo simu haina mpinzani, kwa maana nyumba za huku hazina namba, na chombo cha kale huwezi kukitumia mlango wa mtu.

Jioni tulikata kushoto Kanana, tukashika njia ya Shimoni. Bandarini tulimkuta nahodha wa mashua ya kuvua mbali, upande wa mkondo wa Pemba, anafuta kwa kanga kifaa kidogo cha mkononi chenye vitufe. Ami alimsogelea kama aliyeona ndugu wa damu. Nahodha alikuwa na simu nzuri kuliko yangu, nikamuuliza kwa nini hatumii hiyo. Alitaja maji ya chumvi, alitaja vidole vilivyolowa ambavyo kioo cha simu hakivitambui, betri mbili za kununua dukani. Kisha akataja sababu ambayo sikuwa nimeifikiria. Miamba yake ya samaki, ile anayoijua yeye na marehemu babake, ameiweka alama humo. Simu hushikwa na watoto, huazimwa na mabaharia, hupelekwa kwa fundi.

"Hiki hakisemi na mtu," akasema.

Ami alimwonyesha chake. Nahodha alikipima mkononi, akauliza kama kinastahimili maji, akarudisha. Wakaongea bei hata hivyo, kwa nusu saa nzima, jambo ambalo halikuwa na haja kwa kuwa mmoja hakuwa anauza na mwingine hakuwa ananunua.

Njiani kurudi kwa Shangazi nilimwambia Ami kuwa ramani za OpenStreetMap hutolewa bure katika umbo linaloingia kwenye vyombo vya aina yake, na daraja la Mteza limo. Alinyamaza hadi Ramisi. Halafu akauliza kama kompyuta ya Shangazi ina tundu la kadi, na kama kuibadilisha ramani kutamwondoa yule Mwarabu.

"Hakutamwondoa," nikamwambia.

"Basi kesho asubuhi, kabla ya chai."