Bukavu: Tumbo limevimba, lakini si mimba

Huko Kadutu, familia nzima ilikwisha kuamua kwamba binti ana mimba. Ana miaka 14. Tumbo la chini lilikuwa limevimba, kila mwezi maumivu yalimkamata siku tatu ao nne, na baba alitaka arudishwe kijijini kwa bibi yake. Hakuna aliyejiuliza kwa nini msichana mwenye matiti yaliyokomaa hajaona damu ya mwezi hata mara moja.

Mkojo ulipokataa kutoka, ndipo walikimbia hospitali. Kipimo cha mimba kilisema hapana. Mama hakuamini, na ekografia aliikataa kwanza, akiogopa mtoto ataharibiwa ubikira. Muganga alimweleza kwamba chombo kinapita juu ya tumbo tu, na mafuta baridi kidogo.

Picha ilionyesha kizazi kiko, vifuko vya mayai viko, lakini chini ya kizazi uke ulikuwa umejaa damu nzito na kubana kibofu. Damu ya mwezi ilikuwa inakuja; ilikosa mlango. Mama aliangalia kioo cha mashine, kisha akamwomba binti yake msamaha palepale.

Muganga alipandisha chombo hadi kwenye figo. Kazi hiyo ya dakika chache haifai kurukwa: mtoto akiwa tumboni mwa mama, kizazi na figo vinatengenezwa jirani, na msichana aliyezaliwa na kasoro ya kizazi anaweza kukutwa na figo moja. Huyu zake ni mbili.

Ilibaki kujua kizuizi chenyewe. Ukuta mnene ulio juu ndani ya uke unahitaji kupimwa vizuri mbele ya operesheni, mara nyingi kwa IRM, na si kila familia inaweza kuilipa. Kwa bahati, ilikuwa ngozi ya ubikira isiyo na tundu: muganga aliiona mlangoni, imesukumwa na damu, rangi ya bluu. Hakuichoma sindano kwa kujaribu, maana tundu dogo linaingiza vijidudu na kuacha damu ndani. Aliipasua kwenye chumba cha operesheni.

Shangazi aliuliza kama atazaa. Muganga alijibu kwamba kizazi chake ni kizima, akamwandikia tarehe ya ekografia nyingine, kuona kama damu yote imetoka.