Muda Mchache wa Mtahiniwa: Funzo Tulilolipata Bwera



Wazazi wetu wapenzi, shukrani zote ni za Allah, naye tunamuomba atunufaishe kwa tunayoyaandika. Leo hatutaandika juu ya hukmu za swala wala za zaka kama tulivyozoea. Tutasimulia jambo lililotokea nyumbani kwetu, kwa kuwa wengi mmetuuliza, Bwera na Kasese mjini, vipi mtoto anayetaka kusomea udaktari ataweza kupandisha alama zake ilhali hana muda wa kusoma. Tutasema tulipopatia na tulipokosea. Na tulikosea zaidi ya tulivyodhani.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, alikuwa kidato cha sita mwaka 2023, akisoma Fizikia, Kemia na Biolojia, pamoja na hisabati ndogo na ile karatasi ya maarifa ya jumla. Kizazi chake mnakijua. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wao waliokuwa watahiniwa wakarudi Oktoba, wakafanya mtihani wa kidato cha nne mwanzoni mwa 2021, kisha wakakaa nyumbani tena mpaka Januari 2022. Kwa hiyo waliingia kidato cha tano wakiwa wamesahau mengi.

Alikuwa analala shuleni. Kisha ukaja usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF walipoivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, baadhi wakiwa katika mabweni yao. Hatutayarudia yale. Wengine wetu tulikwenda kuzika, na tuliona uchungu mara mbili, kwanza kwa watoto wale, kisha kwa kuwa wauaji hujinasibisha na dini hii tunayowafundisha watoto wetu upole na amani. Wiki ile ile dada yetu akaenda shuleni kwa binti yake akarudi na godoro kichwani. Akasema, "Kaka, kama ni kufeli, afeli akiwa ubavuni kwangu." Hakuna aliyeweza kumjibu.

Basi binti akawa wa kwenda na kurudi. Wazazi mnajua maana yake. Anayelala shuleni ana saa za maandalizi usiku, ana taa na ana wenzake. Anayerudi nyumbani anakutana na kuni, maji, wadogo zake na sufuria. Mama yake ni mfanyabiashara wa soko la mpakani, anauza muhogo na maharage, na siku za soko humhitaji mtu wa kumsaidia.

Mwanzoni mwa Agosti yakatoka majibu ya mtihani wa majaribio. Biolojia C, Kemia D, Fizikia E, karatasi ya jumla amepita, hisabati ndogo ameanguka. Tukamwita, tukamwambia maneno ambayo sisi watu wazima hupenda kuyasema: "Ongeza bidii. Kesha. Wenzako wanakesha."

Akatutazama, akasema kwa adabu, "Sawa, Mjomba. Lakini niache nini?"

Swali lile tulilala nalo. Asubuhi tukachukua karatasi, tukakaa naye na mama yake, tukaandika wiki nzima saa kwa saa. Shule, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Njia. Soko. Jiko. Zilizobaki za kusoma zilikuwa saa moja baada ya Alfajiri kwa siku sita, na saa moja na nusu usiku kwa siku tano. Jumla saa 13 na nusu. Kisha tukaona mstari mmoja ambao tulikuwa tumeupita haraka: Jumatatu hadi Alhamisi, saa moja na nusu kila jioni, kuwafundisha watoto wadogo madrasa. Saa 6 kwa wiki. Aliyempangia kazi ile ni sisi wenyewe.

Ndugu wazazi, tulinyamaza. Tulikuwa tumemlaumu mtoto kwa kukosa muda, na katika wote waliouchukua muda wake hakuna aliyechukua mwingi kuliko mwalimu wake. Alikuwa hodari kwa watoto, halipwi, halalamiki, nasi tukaona ni thawabu zake. Huenda ni thawabu kweli, lakini hatukumuuliza hata siku moja kama anaweza.

Tukamwondolea zamu ile siku hiyo hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki 14 kabla ya mtihani, maana yake saa 84. Watoto wake tukawagawa, nusu kwetu na nusu kwa vijana wakubwa wawili. Mzee mmoja msikitini alituambia kwamba tumemtoa binti katika Qur'an kwa ajili ya dunia. Tulimjibu kwa heshima kwamba kisomo chake mwenyewe baada ya Alfajiri kipo pale pale, hakikupungua. Kilichoondoka ni mzigo wetu tuliokuwa tumemtwika yeye. Na tukamkumbusha kwamba hapa kwetu, Juni 2019, ugonjwa wa ebola ulipovuka mpaka kutoka Kongo, wagonjwa wa mwanzo walitunzwa katika hospitali ya Bwera. Waliowahudumia nao walikuwa watoto wa watu, na kuna mtu aliyewapunguzia kazi za nyumbani ili wasome.

Sasa tuje kwenye alama zenyewe, maana hapa wazazi wengi hatuelewi na watoto huona haya kutuuliza.

Sisi hatukusoma sayansi. Tulikwenda Kasese kwa rafiki yetu mwalimu wa Kemia, akatueleza juu ya karatasi ya bahasha. Katika mtihani ule wa UACE, A ilikuwa pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2. Lakini chuo kikuu hakikujumlisha pointi tupu. Kwa udaktari, Biolojia na Kemia zilizidishwa mara 3, Fizikia mara 2, na ile karatasi ya jumla na hisabati ndogo zilitoa pointi moja moja kwa aliyepita. Juu yake kiliongezwa kidogo kutoka matokeo ya kidato cha nne, na wasichana walikuwa na nyongeza ya pointi 1.5, mpango ulioanzia Makerere mwaka 1990.

Hesabu ya binti yetu, bila nyongeza hizo, ilikuwa hivi: Biolojia 12, Kemia 9, Fizikia 4, karatasi ya jumla 1. Jumla 26.

Yeye alikuwa akitumia usiku wake mwingi kwenye Fizikia, kwa kuwa ndiyo iliyomtisha. Mwalimu akamwonyesha: ukiitoa Fizikia kwenye E ukaifikisha C, kazi kubwa mno, unapata pointi 4. Ukiitoa Kemia kwenye D ukaifikisha B, unapata 6. Na hisabati ndogo, ambayo alikuwa ameitupa kabisa, inataka kupita tu.

Kisha akamuuliza, "D yako ya Kemia imetoka karatasi ipi?" Binti hakujua. Kumbe Kemia ilikuwa na karatasi tatu, kila moja ikipewa daraja kuanzia 1 lililo bora hadi 9 la kuanguka, na herufi ya somo ilishikwa na karatasi iliyo dhaifu. Mwenye 3, 3 na 4 alipata B. Mwenye 3, 3 na 6 alipata D, hata kama zile mbili ni nzuri. Wakafunua majibu yake. Karatasi mbili za nadharia alikuwa na 4 na 4. Ile ya vitendo, 6.

Tukashangaa. Miezi yote hiyo alikuwa akikariri nadharia usiku, na kilichomwangusha ni bureti na pipeti, na kupima chumvi isiyojulikana ndani yake mna nini. Mambo hayo hayasomeki kitandani kwa taa ya sola. Yanataka mkono uzoee.

Basi mpango ukawa huu, nasi tunauandika kwa namba ili mzazi aukate aubandike ukutani.

Kwanza, Jumamosi nane alipanda teksi ya asubuhi kutoka Bwera kupitia Kinyamaseke na Kikorongo mpaka Kasese, akajiunga na darasa la vitendo la rafiki yetu yule. Nauli tuligawana, sisi na dada yetu. Njiani alikuwa na vikaratasi vidogo vya Biolojia, swali mbele, jibu nyuma. Ule mwendo wa kwenda na kurudi haukupotea bure.

Pili, saa ya Alfajiri, akili ikiwa mpya, aliitoa kwa Kemia na Biolojia peke yake. Hakusoma kitabu kwanza. Alichukua maswali ya mitihani iliyopita, akaweka saa mezani, akajibu kama yuko chumba cha mtihani, ndipo akafungua kitabu kutazama alikoanguka.

Tatu, alikuwa na daftari la makosa. Kila alichokosa alikiandika kwa maneno yake, na kila Jumapili alilirudia daftari lile badala ya kuanza jambo jipya.

Nne, Fizikia aliiachia saa za darasani na jioni moja kwa wiki. Hisabati ndogo, nusu saa mara tatu kwa wiki.

Tano, saa 4 usiku taa inazimwa. Hili dada yetu alilisimamia mwenyewe. Tulipomwambia binti akeshe tulikuwa tunampa ushauri mbaya, kwani mtoto aliyekesha hukaa darasani saa 9 nzima bila kushika kitu, na hapo umempotezea mchana ili umpatie kipande cha usiku.

Sita, siku moja katika zile za soko mama alikwenda peke yake. Lilimgharimu. Kuna wiki alirudi na magunia aliyokwenda nayo. Hatutaki kuwaambia kwamba ilikuwa rahisi.

Matokeo yalitoka Machi 2024. Biolojia B, Kemia B, Fizikia D, karatasi ya jumla amepita, hisabati ndogo amepita. Zihesabuni nanyi: 15, 15, 6, 1 na 1. Jumla 38. Alipanda pointi 12 katika wiki 14, alhamdulillah.

Je, alipata udaktari? Hapana. Nafasi za udhamini wa serikali huchukuliwa na wenye alama za juu kupita zile, na ada ya kujilipia hatuna. Alipewa nafasi ya kusomea uuguzi, shahada kamili, na ndiko aliko hadi leo. Siku ile alilia. Watu wawili watatu walikuja kutupa pole kama waliofiwa, na dada yetu akawapa chai akawaambia, "Mwanangu hakufa. Anakwenda chuo kikuu." Nasi tukasema moyoni, kama tungeihesabu wiki yake mapema, alipoingia kidato cha tano, siyo wiki 14 kabla ya mwisho, ingekuwaje? Jambo hilo analijua Allah peke yake. Lakini sehemu yetu tunaijua, na tumemwomba radhi.

Wazazi, hesabu za pointi tulizoandika ni za mwaka ule, na taratibu hubadilika. Mwendeeni mwalimu wa somo, mwulizeni kwa mwaka huu zinahesabiwaje, tena mwulizeni karatasi ipi inamwangusha mtoto. Lakini kabla ya kwenda kwa mwalimu, kaeni na mtoto, andikeni wiki yake saa kwa saa, na kila saa mwandike jina la anayeichukua. Msishangae mkikuta majina yenu. Sisi tulilikuta letu.

Siku hizi madrasa yetu haimpi zamu mtahiniwa yeyote, awe wa darasa la saba, kidato cha nne au cha sita, kuanzia muhula wa pili. Likizo ya mwaka jana binti yule alikuja mwenyewe, akakaa na wadogo jioni moja, akawafundisha kunawa mikono kama anavyofundishwa chuoni. Hatukumwomba. Safari hii tulimuuliza kwanza kama ana nafasi.

Allah awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa. Amin.