Namba Zinazoruhusiwa

Katika hisabati, kama ilivyo katika nyumba za watu, ni vema kubisha hodi kwanza. Kitendakazi ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba nyingine. Kikoa chake ni seti ya namba zote ambazo kanuni hiyo inaweza kuzipokea.

Miaka yote niliyofundisha chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo watazame mambo mawili. Kwanza, asili ya sehemu isiwe sifuri. Pili, kilichomo ndani ya kipeuo cha pili kisiwe hasi, maadamu tunashughulika na namba halisi. Chukua kipeuo cha pili cha (x − 3), ukigawe kwa (x − 5). Kipeuo kinadai x ianzie 3 na kuendelea. Asili inadai x isiwe 5. Basi kikoa ni namba zote kuanzia 3, isipokuwa 5.

Lakini kujua sheria si kujua sababu. Ukigawa 12 kwa 0, unatafuta namba ambayo ukiizidisha kwa 0 utapata 12. Hakuna. Ukigawa 0 kwa 0, kila namba inafaa, kwa hiyo hakuna jibu moja la kushika. Brahmagupta, mwanahisabati mkubwa wa Uhindi, aliandika mwaka 628 kwamba sifuri kugawa kwa sifuri ni sifuri. Ikiwa bingwa kama yule alijikwaa hapo, mtoto wa kidato cha tatu akiuliza tusimwone mkorofi.

Namkumbuka mwanachuo mmoja tuliyekwenda kumkagua katika mazoezi ya kufundisha. Aliandika ubaoni (x² − 9)/(x − 3), akasema 3 hairuhusiwi. Kisha akaandika kiasi kuwa (x − 3)(x + 3), akafuta kinachofanana juu na chini, ikabaki x + 3. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona sasa 3 inakubali? Inatoa 6."

Wakaguzi tulikuwa wawili nyuma ya darasa, na andalio lake la somo lilikuwa na mifano mitatu zaidi. Angeweza kumwambia kijana akae. Badala yake aliliuliza darasa: "Tulipofuta (x − 3), tuligawa kwa nini?" Wakarudi mstari wa kwanza, wakaweka 3 mahali pa x, wakapata 0 juu na 0 chini. Wakaona wenyewe kwamba kufuta kule ni halali pale tu x isipokuwa 3. Kwamba kikoa hutafutwa kabla ya kurahisisha, na hakibadiliki baadaye. Kengele ikalia, mifano haijafanywa.

Mwenzangu alitaka kumpunguzia alama kwa kutomaliza somo. Nilikataa, tukabishana hadi jioni. Nilimwambia kwamba mifano ile ingefanywa kesho yake, lakini mtoto aliyenyamazishwa mara moja huenda asiulize tena; na akija kuwa mwalimu, atawanyamazisha wengine. Mwishowe tulimpa alama alizostahili.

Mwalimu kijana unayesoma haya, ukifika kwenye mada hii usiikimbilie hesabu. Waulize wanafunzi namba gani zinaruhusiwa, kisha wape nafasi ya kukuuliza kwa nini, hata kama mkaguzi ameketi nyuma.